Nukta pembeni mwa nyota: mbona darubini inayofika kwenye galaksi za mbali inahangaishwa na jirani?

Swali: Mtaalamu, salamu. Nasoma kwamba darubini ya Webb imepiga picha za galaksi ambazo nuru yake imesafiri zaidi ya miaka bilioni 13. Halafu nasoma kwamba kwenye Alpha Centauri, majirani zetu wa karibu kabisa, wataalamu "huenda" wameona sayari, na walipoitafuta tena hawakuiona. Inakuwaje? Na wakiona nukta karibu na nyota, wanajuaje kwamba si nyota nyingine iliyo nyuma yake? La mwisho: mtu asiye na darubini anaweza kushiriki katika utafutaji huu?

Jibu: Salamu sana. Nianze na hilo la kwanza, kwa sababu hata waliosoma fizikia huteleza hapo. Umechukulia kwamba kinachofanya kitu kisionekane angani ni umbali. Galaksi ya mbali ni hafifu mno, kweli, lakini imekaa gizani peke yake. Darubini ikiikodolea saa nyingi, fotoni, yaani chembe za nuru, zinaingia moja moja mpaka picha inajijenga. Ukitaka kuiona vizuri zaidi, ongeza saa. Sayari ya nyota jirani haikupi nafasi hiyo. Imejibanza pembeni mwa taa inayotia macho kiwi, na kila ukiongeza muda wa kutazama, unaongeza na kiwi chenyewe.

Chukua mfano wa kwetu. Mtu akilitazama Jua kutoka nyota nyingine, kwa mwanga huu tunaouona kwa macho, ataliona liking'aa takriban mara bilioni 10 kuliko Dunia. Mshtarii angalau una nafuu: Jua linaushinda kama mara bilioni moja. Halafu angalia nafasi iliyopo kati yao. Kutoka Alpha Centauri, umbali wote kati ya Jua na Dunia unaonekana kama robo tatu ya sekunde ya tao, na nyuzi moja ina sekunde 3,600. Ukirudi nyuma hadi miaka ya nuru 33, ambako sisi bado tunakuita jirani, umbali huohuo umebaki sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Hapo watu huniuliza: si mzibe tu hiyo nyota? Ukisimama mbele ya taa kali ukainua kidole gumba, kilichokuwa kimefichwa na mwanga kinaonekana. Wazo ni sahihi na ni la zamani. Mfaransa Bernard Lyot alilifanyia kazi mnamo 1930, akatengeneza koronografu ili aone taji la Jua, ile gesi hafifu inayolizunguka, bila kusubiri kupatwa. Darubini za anga za Hubble na Webb zote zimebeba vifaa vya ukoo huo. Ila kidole gumba kinazuia mwanga kabla haujaingia jichoni, na koronografu inauzuia ukiwa umeshaingia ndani ya darubini. Kufikia hapo umekwisha kugusa kingo za kioo na nguzo zinazoshikilia kioo kidogo, ukapinda na kutawanyika. Ndiyo maana nyota kwenye picha za Webb zina miale mirefu kama ya nyota ya kuchorwa: ile sita mikubwa inatokana na umbo la vioo vyake vya pembe sita. Juu ya miale hiyo kuna madoadoa madogo yanayoletwa na dosari ndogondogo za vioo, na doa moja kati ya hayo linafanana na sayari kama shilingi kwa shilingi. Kikulacho ki nguoni mwako: kinachomficha mwenza wa nyota, yaani sayari au kitu kingine kinachoizunguka, kiko ndani ya darubini yenyewe.

Sasa nikuonyeshe jinsi tunavyopambana nacho, maana hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda. Darubini inapiga picha ya nyota, kisha inajizungusha kidogo bila kuacha kuielekea nyota ileile. Hubble inaweza kujipa mzunguko wa kutosha. Webb ina nyuzi kama 10 tu, kwa sababu ngao yake ya jua haitakiwi kuyumba. Ikishajizungusha, inapiga picha ya pili. Fikiri kidogo: madoa yaliyotengenezwa na darubini yanazunguka pamoja nayo, kwa hiyo kwenye kamera yanabaki palepale. Kitu cha kweli kilicho angani hakijui habari za darubini kujizungusha, kwa hiyo kwenye kamera kinahama. Toa picha moja kutoka kwa nyingine. Katikati panabaki uchafu wa kijivu mahali nyota ilipokuwa, na pembeni, bahati ikiwepo, inatokea nukta nyeupe na pacha wake mweusi, zimeachana kwa pembe ileile darubini iliyojizungusha. Nukta nyeupe isiyo na pacha mweusi naipa mgongo. Nakumbuka ya kwanza niliyoiamini: ilikuwa nyeupe, duara, iko mahali pazuri kabisa, na nilishaanza kuhesabu mzingo wake. Ilikuwa chembe ya mionzi ya anga iliyogonga kamera.

Njia hii inadai kitu kimoja ambacho hakipatikani kwa urahisi: darubini isibadilike kati ya picha ya kwanza na ya pili. Hubble inaizunguka Dunia kila dakika 95 hivi, inaingia kivulini na kutoka juani, na bomba lake linatanuka na kusinyaa kidogo sana kila mara. Sisi husema inapumua. Pumzi hiyo ndogo inatosha kusogeza madoa, na madoa yakisogea hayatoki yote kwenye kutoa. Webb iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya ngao yenye ukubwa wa uwanja wa tenisi, nayo imetulia zaidi.

Nguvu kubwa zaidi ya Webb, hata hivyo, ni aina ya mwanga inaotazama. Nyota hung'aa sana kwa mwanga wa kawaida, lakini sayari na vitu vilivyopoa hutoa joto lao kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Ukihamia infraredi ya kati, lile pengo la mara bilioni 10 kati ya Jua na Dunia linashuka hadi mara milioni 10 hivi. Bado ni kubwa, ila umesamehewa sifuri tatu. Gharama yake ni mbili. Kwanza, chochote chenye joto kinang'aa kwa infraredi, pamoja na kamera yenyewe, kwa hiyo kifaa cha Webb kiitwacho MIRI hupozwa hadi karibu nyuzi 266 za Selsiasi chini ya sifuri. Pili, mawimbi marefu yanatia ukungu. Kioo cha Webb kina upana wa mita 6.5 na cha Hubble mita 2.4, lakini Webb ikitazama mawimbi ya mikromita 10 inatenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban theluthi moja ya sekunde ya tao, wakati Hubble kwa mwanga wa kawaida inafika karibu sehemu moja ya ishirini. Wengi hudhani darubini mpya na kubwa lazima iwe na jicho kali zaidi kwa kila kitu. Sivyo.

Mfano mzuri wa kuchagua mwanga ni Shira, nyota ing'aayo kuliko zote usiku, ambayo vitabu vya kigeni huiita Sirius. Mwaka 1844 Friedrich Bessel aliona kwamba haitembei kwa mstari ulionyooka, inapepesuka, akasema kuna kitu kisichoonekana kinaivuta. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark, akijaribu lenzi mpya, akakiona: nukta ndogo, hafifu mara 10,000 kuliko Shira yenyewe. Leo tunajua ni kibete cheupe, masalia ya nyota iliyokwisha fueli yake, chenye tungamo karibu sawa na Jua lililobanwa ndani ya mpira wenye ukubwa wa Dunia. Kwa sababu kina joto la nyuzi 25,000, ukitazama jozi hiyo kwa eksirei, kama ilivyofanya darubini ya anga ya Chandra, mambo yanageuka: kile kidogo ndicho kinachong'aa, na Shira yenyewe inafifia pembeni.

Haya, tuje kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Unajuaje kwamba nukta si nyota ya nyuma? Kwa picha moja, hujui. Anga imejaa nyota za mbali, na ukitazama kuelekea ukanda wa Njia Nyeupe ni kama kutazama umati: kila nyota ya karibu ina nukta pembeni yake, na karibu zote hazihusiani nayo.

Kinachoamua ni mwendo. Nyota zote zinasafiri, lakini za karibu zinaonekana kusogea haraka, kama miti ya kando ya barabara inavyokupita ukiwa ndani ya gari huku milima ya mbali ikionekana imesimama. Mwenza wa kweli amefungwa kwa mvutano, kwa hiyo anasafiri na nyota yake. Nyota ya nyuma inaachwa. Chukua nyota ya Epsilon Indi, iliyo umbali wa miaka ya nuru 12 hivi. Inasogea sekunde 4.7 za tao kila mwaka. Pikseli moja ya MIRI inafunika sekunde 0.11. Kwa hiyo nukta ya nyuma, baada ya mwaka mmoja, ingekuwa imeachwa pikseli zaidi ya 40. Huhitaji hesabu kali kuliona hilo. Mtoto angeweza kukuonyesha kwa kidole.

Na Epsilon Indi ina kisa chake. Vipimo vya mtikisiko wa nyota hiyo vilikuwa vimeonyesha kuna sayari kubwa, na watafiti wakaomba muda wa Webb wakiwa na ramani mkononi ya mahali pa kuitafuta. Picha zilizotangazwa mwaka 2024 zilionyesha nukta, lakini si pale ramani iliposema. Hapo unaweza kushangilia au kutilia shaka. Wakarudi kwenye picha za zamani zilizopigwa mwaka 2019 na darubini ya ardhini nchini Chile, na humo, ndani ya kelele, wakakuta alama hafifu inayosafiri na nyota. Ilikuwa sayari kweli, ila nzito karibu mara mbili ya ilivyotabiriwa: tungamo kama la Mshtarii mara sita, na joto lake ni nyuzi 2 hivi tu za Selsiasi. Mtabiri alijua kuna mgeni, akakosea chumba.

Mfano wa subira ni Gliese 229, nyota nyekundu iliyo umbali wa miaka ya nuru 19 hivi. Nukta pembeni yake ilionwa Oktoba 1994 kutoka kituo cha darubini cha Palomar, Marekani. Wagunduzi hawakutangaza. Walisubiri mwaka mzima ili nyota isogee, waone kama nukta itafuata. Ikafuata. Novemba 1995 Hubble ikaipiga picha, na ulimwengu ukapata kibete kahawia wake wa kwanza asiye na ubishi: kitu kizito kuliko sayari, lakini chepesi mno kuweza kuwasha hidrojeni kama nyota. Katika mwanga wake kulikuwa na methani, gesi isiyoweza kudumu kwenye joto la nyota. Kisa hakikuishia hapo. Miaka ilivyopita na mzingo ukapimika, tungamo lilitoka kama la Mshtarii mara 71, na kitu kizito hivyo kilipaswa kung'aa zaidi ya kile tulichokuwa tunakiona. Mwaka 2024 jibu likapatikana: ni wawili. Vibete kahawia viwili, mara 38 na mara 34 ya Mshtarii, vinazungukana kila siku 12. Kwa karibu miaka 30 tulikuwa tukiita nukta moja jina moja.

Kisa hicho kinagusa jambo ambalo taarifa za habari huliruka. Picha haikupi uzito wa kitu, inakupa mng'ao. Vibete kahawia na sayari kubwa huzaliwa vikiwa moto, kisha hupoa maisha yao yote, kama jiko lililozimwa. Nukta ileile inaweza kuwa sayari changa au kibete kahawia kizee. Usipojua umri wa nyota, uzito wa mwenza wake unabaki makisio mpaka uupime kwa mvutano.

Wapo pia waliotangaza, kisha yakawafika. Mwaka 1998, data za Hubble zilionyesha kitu karibu na Proxima Centauri, nyota ya kundi la Alpha Centauri iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua. Kamera nyingine ya Hubble hiyohiyo ikatazama, haikuona kitu. Nyota ya Fomalhaut ilikuwa na maumivu zaidi. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba Hubble imeona sayari ndani ya pete yake ya vumbi, na nukta ile ilikuwa inahama kweli, si madoa ya darubini. Tatizo ni kwamba kwa infraredi haikuonekana, na sayari kubwa ilipaswa kuonekana huko. Miaka ikapita, nukta ikatanuka, ikafifia, na kwenye picha za 2014 haikuwepo. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2020 ni kwamba lilikuwa wingu la vumbi baada ya miamba miwili mikubwa kugongana. Binafsi naona hicho ni kitu cha ajabu kuliko sayari, lakini magazeti hayakuniunga mkono.

Kwa hiyo Alpha Centauri isikushangaze. Agosti 2024 Webb ilitazama Alpha Centauri A na koronografu ya MIRI. Ni kazi ya mateso, kwa sababu Alpha Centauri B iko jirani, haijazibwa, na mwanga wake unamwagika juu ya picha. Baada ya kutoa na kutoa, ikabaki nukta hafifu zaidi ya mara 10,000 kuliko nyota, umbali wake kama mara mbili ya ule wa Dunia na Jua. Walipotazama tena Februari na Aprili 2025, haikuwepo. Je, ni doa tu? Inawezekana. Lakini watafiti walijaribu mizingo mamilioni kwenye kompyuta, na katika takriban nusu ya ile inayokubaliana na vipimo, sayari ingekuwa imesogea karibu mno na nyota isionekane kwenye tarehe hizo mbili. Ikiwa ipo, tungamo lake ni kama la Zohali na njia yake ni ya yai. Kwa sasa jina lake sahihi ni "mtahiniwa", na mimi sitampa cheti mpaka aonekane mara ya pili.

Usidhani pia kwamba kutokuona kitu ni kazi bure. Kamera ya infraredi ya Hubble ilipitia zaidi ya nyota 200 zilizo ndani ya miaka ya nuru 33, na vibete kahawia vilivyopatikana karibu na nyota hizo vilikuwa vichache mno. Hilo ni tokeo, kwa sababu kabla ya hapo wengi walitegemea kuvikuta vimejaa. Hata Jua limepekuliwa. Data za WISE, darubini ya anga ya infraredi ya NASA, zilizochambuliwa mwaka 2014, zilionyesha kwamba hakuna kitu chenye ukubwa wa Zohali kinacholizunguka ndani ya umbali wa mara 10,000 ya ule wa Dunia na Jua. Data hizohizo ndizo zilizotupa Luhman 16, jozi ya vibete kahawia iliyo miaka ya nuru 6.5 tu kutoka hapa, ambayo hakuna aliyekuwa ameiona mpaka 2013. Ilikuwa ndani ya picha muda wote, inapita.

Kinachofuata ni darubini ya Nancy Grace Roman, ambayo NASA iliahidi kuirusha si baada ya Mei 2027. Kioo chake ni sawa na cha Hubble kwa upana, lakini koronografu yake ina vioo viwili vinavyojikunja, kila kimoja kikiwa na visukumio zaidi ya 2,000 nyuma yake vya kukisukuma kwa vipimo vidogo kuliko upana wa atomu. Badala ya kusubiri madoa yaondolewe baadaye kwa hesabu, inayafuta yenyewe kabla hayajafika kwenye kamera. Shabaha yake ni sayari za aina ya Mshtarii. Dunia nyingine bado.

Na wewe usiye na darubini? Unaweza, tena leo. Mradi wa Backyard Worlds, ulioanza 2017, unaweka picha za WISE mtandaoni, ukikuonyesha kipande kimoja cha anga kwa miaka tofauti, picha zikipishana mbele yako kama katuni. Watu wa kawaida kabisa wamepata humo vibete kahawia jirani kwa makumi, baadhi wakiwa wenza wa nyota zinazojulikana. Ukifungua, usishughulike na nukta ing'aayo kuliko nyingine. Angalia ile inayoruka. Ukiipata, angalia kama kuna nyota karibu inayoruka upande uleule, hatua ileile. Zikifuatana picha hadi picha, iripoti kwa wanaoendesha mradi, na andika namba ya kipande hicho mahali utakapoiona tena.